Mkono Nao Una Haki Yake: Somo kwa Wachoraji wa Hina na Waandishi wa Khati



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), aliyeapa kwa kalamu na akamfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mada niliyopewa na wahariri wa jarida letu ilikuwa sanaa katika Uislamu. Niliomba ruhusa niipunguze mpaka ibaki kiungo kimoja tu, kifundo cha mkono. Wakacheka. Nitaeleza kwa nini mimi sicheki.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na kwetu msichana asiyejua kushika koni ya hina huulizwa alilelewa wapi. Nilipokuja kusoma hapa Uganda, ujuzi huo ukawa msaada mkubwa. Siku za kawaida nachora bibi harusi mmoja au wawili kwa mwezi, na pesa hiyo hunitosha kwa vocha, sabuni na kunakili vitabu. Zikikaribia sikukuu, chumba changu cha hosteli hugeuka saluni.

Usiku wa kuamkia Idd el-Fitr ya mwaka jana niliwachora wasichana 14, mikono yote miwili, mbele na nyuma. Wanne kati yao wakaongeza na miguu. Nilianza baada ya Isha na kumaliza wakati wa adhana ya Alfajiri. Kila aliyeingia alisema yeye anataka "ndogo tu, dada", na kila "ndogo tu" ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Sikula, sikunyoosha mgongo, sikusema hapana hata mara moja. Niliposujudu katika sala ya Alfajiri, nikaweka viganja chini, nilisikia kitu kama uzi wa moto kikitoka chini ya kidole gumba kikipanda mkono. Nikamaliza sala nikiwa nimeegemea upande wa kushoto.

Wiki iliyofuata niliambiwa zinahitajika mbao sita za khati kwa ajili ya maonesho ya jumuiya yetu. Hapo pia sikusema hapana. Nikaenda kwenye zahanati moja, nikaambiwa ni uchovu, nikapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Vilifanya kazi vizuri mno. Maumivu yalinyamaza, nami nikarudi kwenye kalamu.

Mitihani ilianza siku 19 baada ya Idd. Karatasi ya kanuni za fiqhi ni ya saa tatu, yote ya kuandika kwa mkono. Nilipofika swali la tatu gumba lilikuwa halishiki tena; kalamu iliniponyoka, nikaiokota, ikaniponyoka tena. Nikajaribu kuibana katikati ya kidole cha shahada na cha kati. Swali la nne lilinitaka nieleze kanuni isemayo kuwa madhara huondolewa. Nilikuwa nalijua jibu lote na sikuweza kuliandika. Karatasi hiyo niliirudia muhula uliofuata, kwa ada yangu mwenyewe.

Kilichomo ndani ya kifundo

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, katika hospitali ya mjini. Hakuanza na dawa. Aliniambia nimwoneshe ninavyoshika koni, ninavyoshika kalamu, kisha ninavyoshika simu. Nitarudi kwenye simu.

Alinieleza hivi. Misuli inayoendesha vidole vyetu kwa nguvu haiko kwenye vidole. Mingi iko juu, kwenye sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Misuli hiyo huvuta vidole kwa kano, ambazo ni kama kamba ngumu na laini. Kano zote hizo lazima zipite kwenye kifundo, na kifundo ni chembamba. Ukitaka kuona, weka mkono wako juu ya meza, uchezeshe vidole kama mpiga kinanda, na uangalie juu kidogo ya kifundo. Utaona ngozi inacheza mahali ambapo hakuna kidole.

Upande wa gumba kuna kano mbili zinazopita pamoja katika ala moja, mfano wa kamba mbili ndani ya mrija mmoja. Ukibana kitu kwa gumba, ukalegeza, ukabana tena, mara elfu kadhaa usiku mmoja, huku kifundo kimepinda, kano na ala yake husuguana. Ala huwa nene, njia huwa finyu, na kila mwendo wa gumba huuma. Daktari wa Uswisi aitwaye Fritz de Quervain aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Huo ndio ulionipata. Kuna njia ya kuupima nyumbani: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Kuvutika kidogo ni kawaida kwa kila mtu, kwa hiyo linganisha na mkono mwingine. Ukisikia maumivu makali juu ya mfupa ulio chini ya gumba, acha hapo hapo na utafute tabibu. Usiurudierudie kama mchezo. Mimi niliwaonesha wenzangu mara nyingi nikaongeza maumivu yangu mwenyewe.

Ugonjwa wa pili unapita mahali pengine. Katikati ya kifundo, upande wa kiganja, kuna njia iliyozungukwa na mifupa kwa chini na kufunikwa na utepe mgumu kwa juu. Humo hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, neva hubanwa. Dalili yake si maumivu tu. Ni ganzi na kuwashwa kama sindano kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika, kwa sababu neva yake ni nyingine. Ganzi hiyo hupenda kumwamsha mtu usiku, akajikuta anakung'uta mkono kama anayekausha maji. Mwanafunzi mwenzangu anayeandika khati alikuwa akiamka hivyo kwa miezi miwili na akidhani amelalia mkono.

Tofauti hii ina maana kubwa. Kwa ugonjwa wa gumba, gango la kawaida la kifundo linaloacha gumba huru halitoshi. Linatakiwa lile linaloshika gumba pia. Kwa neva iliyobanwa, gango linalonyoosha kifundo wakati wa kulala ndilo husaidia. Mimi nilinunua lisilofaa sokoni kabla ya kupimwa na nikalivaa wiki mbili bure. Na ukiona ganzi haiondoki mchana kutwa, au nyama ya chini ya gumba inapungua, au vitu vinakuponyoka, hayo si ya kusubiri likizo. Neva iliyobanwa muda mrefu huweza kudhurika moja kwa moja.

Waandishi waliotutangulia

Nikiwa nimekatazwa kushika kalamu kwa wiki sita, nilianza kusoma habari za waandishi wa zamani. Nilitaka kujua: watu walioandika maisha yao yote, mikono yao ilikuwaje?

Kila anayejifunza khati hulisikia jina la Ibn Muqla, waziri wa Baghdad katika zama za Bani Abbas, aliyefariki mwaka 328 Hijria, sawa na 940 Miladia. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alizipangia herufi vipimo kwa nukta ya kalamu, ili alifu iwe na urefu wake na nuni iwe na upana wake. Fitina za siasa zikamkuta na akakatwa mkono wa kulia. Wanahistoria wanasimulia kuwa alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Kisa hiki husimuliwa madarasani kama mfano wa subira, nami nakiheshimu. Lakini tukisimulie kwa uangalifu. Ibn Muqla alikatwa mkono na watu wengine. Mimi wangu nilikuwa naukata mwenyewe, kwa koni ya hina, kwa sababu ya kuona haya kumwambia mtu arudi kesho.

Kisa cha pili nilikikuta mbali na kwetu. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliongeza habari za makarani na waandishi katika chapa ya mwaka 1713. Alitaja sababu tatu za maradhi yao: kukaa muda mrefu, kuendesha mkono bila kupumzika kwa namna ile ile, na mzigo wa akili wa kuogopa kukosea. Akamtaja mwandishi mmoja aliyemjua, ambaye mkono wa kulia ulikufa nguvu. Mtu huyo akajifundisha kuandika kwa kushoto, na baada ya muda mkono wa kushoto nao ukapatwa na yale yale. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Wiki ile ile nilikuwa nimeanza kujifunza kuchora hina kwa mkono wa kushoto.

Kilichonifaa zaidi ni desturi ya waandishi wa Kiothmani. Wengi wao hawakuandikia juu ya meza. Mwandishi aliketi chini, goti moja limeinuliwa, na juu ya goti aliweka mkeka laini wa karatasi nyingi zilizopangwa pamoja. Karatasi ya kuandikia ikakaa juu yake. Nilipoliona hilo nilimkumbuka ustadhi wetu wa madrasa ya Buyenzi, na ubao wangu uliokuwa ukikaa juu ya goti. Angalia faida yake: hakuna ukingo mgumu unaokata kifundo, karatasi inasogea na kugeuka kufuata mkono, na mkono wote kuanzia begani uko huru. Sasa tazama tunavyoandika sisi hosteli. Meza ndefu, kiti kifupi, kifundo kimelazwa kwenye ukingo wa mbao, mabega yamepanda mpaka masikioni.

Tena mwanafunzi wao hakupewa ubao mzima wa kuandika. Alipewa mstari mmoja au miwili ya mazoezi, aende nao, aurudie, aulete kwa mwalimu usahihishwe, mpaka ukubalike. Kwa desturi mazoezi ya kwanza yalikuwa dua ya kumwomba Mola afanye mambo kuwa mepesi, asiyafanye mazito, na ayakamilishe kwa kheri. Ijaza ya kuandika ilichukua miaka. Hata msahafu wa Madina tunaousoma sote, wenye kurasa 604 kwa khati ya Uthman Taha wa Syria, haukuandikwa kwa usiku mmoja wa maonesho. Mimi nilitaka mbao sita kwa siku nne.

Nilichobadilisha

Nianze na hina, kwani dada zangu wengi wanaoumia wanaumizwa na koni wala hawajui.

Nguvu yote ya kuchora hina hutoka kwenye kubana. Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini unabana sana. Mara nyingi jibu liko kwenye bakuli. Unga usiochungwa vizuri huwa na chenga, chenga huziba tundu, nawe unakamua kwa hasira. Mimi sasa nauchunga unga kwa kitambaa chepesi, halafu nikishaukoroga nauchuja tena kwa soksi ndefu safi ya nailoni kabla ya kujaza koni. Uji wa hina uwe unateremka wenyewe ukiinamisha koni. Koni iwe ndogo, ijazwe nusu tu, kwa sababu koni kubwa hulazimisha gumba lifunguke sana na kubana kutoka mbali. Na usibane kwa gumba peke yake. Ilaze koni kwenye kiganja, vidole vyote viifunge kutoka juu, na gumba liongoze tu. (Wale wanaotumia piko nyeusi kwa sababu ni nyepesi kukamua, hiyo ina kemikali ya rangi ya nywele ambayo imewababua watu ngozi. Tuiache, ni mada ya siku nyingine.)

Pili ni mkao. Zamani mteja alikaa kitandani nami nikainama sakafuni, kifundo kimepinda kumfuata. Siku hizi mkono wa mteja unakaa juu ya mto uliowekwa mezani, nami naugeuza mkono wake badala ya kugeuza wangu. Inachukua wiki kuzoea kumwambia mtu mzima, "Shangazi, geuza kidogo," lakini wanazoea.

Kwenye khati, adui mkubwa ni kalamu butu. Tete likichakaa ncha, wino hautoki sawasawa, na mwandishi hulipiza kwa kukandamiza. Ichonge kalamu kabla hujaona haja ya kuichonga. Tete jembamba mno lizungushie kitambaa au plasta liwe nene, maana kitu chembamba hudai kubanwa kwa nguvu zaidi. Karatasi nayo ina sehemu yake. Waandishi wa zamani walipaka karatasi ute wa yai uliochanganywa na shabu, kisha wakaisugua mpaka ikawa laini, ili kalamu iteleze. Sisi tunaandikia karatasi ya kunakilia inayonyonya wino na kukwaruza. Nimegundua kuwa upande wa nyuma wa kalenda za mwaka uliopita ni laini vya kutosha kwa mazoezi, na haugharimu kitu.

Herufi kubwa za thuluthi ziandike kwa kiwiko na bega, si kwa vidole. Jaribu kuchora duara kubwa ubaoni kwa chaki. Utaona mkono mzima unazunguka na kifundo kimetulia. Mwendo huo huo ulete kwenye karatasi. Vidole viachiwe herufi ndogo za naskhi, nazo ziwe chache kwa kikao kimoja. Meza iwe chini kiasi kwamba mabega yanashuka na kiwiko kinakunjika kama pembe ya kitabu, na ukingoni weka taulo iliyokunjwa. Kama huna meza ya kufaa, keti chini na rudi kwenye goti. Wazee hawakukosea.

Kupumzika ndiko kugumu, kwa sababu kazi ikinoga hatusikii kitu. Naweka kengele ya simu kila dakika 25. Ikilia naweka kalamu chini hata kama nuni haijafungwa, nanyanyuka, nalegeza mabega kwa dakika tano. Mtaalamu alinifundisha mazoezi ya kutelezesha kano: vidole vyote vimenyooka, kisha kunja viungo vya juu tu, vidole viwe kama ndoana, kisha ngumi kamili, kisha nyoosha tena. Taratibu, mara tano au kumi, bila kulazimisha. Alisisitiza kuwa ni mazoezi ya mkono usiouma sana. Mkono unaowaka moto kwanza hupumzishwa, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa dakika kumi hivi. Vidonge ni kwa siku chache na kwa ushauri, kwani dawa za aina hiyo huweza kudhuru tumbo, na zaidi ya hapo hunyamazisha kengele wakati nyumba bado inaungua.

Sasa ile simu. Yule mama aliponiangalia nikiishika, alitikisa kichwa. Nilikuwa nimeacha hina wiki mbili na maumivu hayapungui, nikamlalamikia. Akaniuliza naandika ujumbe mwingapi kwa siku, na kwa kidole gani. Nilikuwa katibu wa kundi la WhatsApp la akina dada lenye watu zaidi ya mia mbili. Mchana nilipumzisha gumba, usiku nikalifanyisha kazi saa mbili kitandani. Hata kuhesabu tasbihi kwa gumba kuliniuma wakati ule, na bado sikuishuku simu. Nikahamia kwenye ujumbe wa sauti, na simu nikaiweka mezani niiguse kwa kidole cha shahada. Ndani ya siku kumi nilianza kuona nafuu. Kaka zetu wanaotengeneza mabango ya jumuiya kwa kuchora kwenye simu na tableti, hili linawahusu sana: kalamu ya tableti haihitaji kukandamizwa, na kioo kilichowekwa bapa mezani kinainamisha shingo na kifundo pamoja. Kiinueni kwa vitabu viwili.

Udhu, sijida na gango

Maswali haya niliulizwa na wengi waliponiona na gango, nami niliyapeleka kwa walimu wetu kabla ya kuyaandika hapa.

Gango la kifundo linalofunguka kwa urahisi, na kulivua hakuleti madhara, huvuliwa wakati wa udhu na mkono ukaoshwa kama kawaida. Hukumu ya kupaka maji juu ya bandeji ni kwa yule ambaye kuivua kunamdhuru au kunachelewesha kupona kwake, kama mwenye plasta ya mfupa. Huyo naye amwone mwalimu wake, maana kuna masharti ambayo madhehebu yametofautiana. Nilimwona dada mmoja akipaka maji juu ya gango la kuvulika kwa sababu alichoka kulifungua mara tano kwa siku. Namwelewa, lakini uchovu si udhuru wa kuacha kuosha.

Kuhusu sijida, tumeamrishwa kusujudu kwa viungo saba, na mikono miwili ni miongoni mwake. Wengi tunadhani lazima kiganja chote kikandamizwe na uzito wa mwili ukae juu yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tumesomeshwa, yanatosha ya sehemu ya ndani ya kiganja au ya vidole kugusa chini. Mimi nilipitisha miezi miwili nikiweka tumbo la vidole tu, uzito nikaupeleka kwenye magoti na paji la uso, na kunyanyuka nikanyanyuka kwa mkono wa kushoto. Asiyeweza hata hilo, Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake.

Na kuhusu mtihani: nenda ofisini na barua ya daktari kabla ya siku ya mtihani. Mimi nilikwenda baada, na barua iliyochelewa ni karatasi tu.

Wapo walioniambia kuwa kujihurumia hivi ni udhaifu, kwamba mtafuta elimu hachoki. Nawarudisha kwa Abdullah bin Amr bin al-As (R.A.). Alikuwa kijana mwenye himaya ya ibada, anafunga kila siku na kusimama usiku kucha. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe. Akampunguzia; Abdullah akasema anaweza zaidi; akamwongezea kidogo, naye bado anasema anaweza zaidi. Sehemu tunayoisahau ni ya mwisho. Alipozeeka, Abdullah alikuwa akisema laiti angeikubali ile ruhusa ya Mtume (S.A.W.). Hapo palikuwa na funga na sala za usiku. Sisi tunabishana kwa ajili ya maua ya hina.

Alhamdulillah, leo mkono wangu unashika kalamu. Haujarudi kuwa ule wa zamani. Siku ya baridi, au nikinyanyua ndoo vibaya, chini ya gumba pananikumbusha. Ubao mmoja wa khati sasa unanichukua wiki mbili, mstari mmoja kwa kikao, na mwalimu wangu anasema alifu zangu zimesimama vizuri kuliko zile za maonesho.

Idd el-Adhha inakaribia. Orodha nimeibandika mlangoni, ina nafasi sita, mikono tu, na mwisho ni saa nne usiku. Tayari majina matano yamejaa. Atakayekosa nafasi aende chumba cha pili kulia. Dada wa pale ana mkono mwepesi, na nimeshamwonesha jinsi ya kushika koni.